Swala Anayetazama Nyuma

Mzee Ndambuki wa Shauri Moyo aliamini kwamba Mungu ndiye aliyeumba wanyama wote wa dunia hii, isipokuwa mmoja. Huyo mmoja alimwumba yeye Ndambuki.

Alikuwa swala wa mti wa mhugu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima kutoka kiwiko hadi vidole. Miguu ameikunja chini ya tumbo, shingo ndefu kupita kiasi, pembe zimelala nyuma mpaka zikagusa mgongo, na kichwa amekigeuza kushoto kama mtu aliyeitwa jina lake sokoni. Mnyama wa namna hiyo hayupo. Andati, jirani yetu aliyekuwa dereva wa magari ya watalii, aliapa kwamba hajawahi kukutana naye Tsavo wala Mara. Watalii wenyewe hawakujali. Walimnunua, wakamfunga kwenye magazeti, wakaenda naye kwao.

"Mama Njogu," Ndambuki alikuwa akiniambia, "Mungu alipopumzika siku ya saba, aliniachia mimi nafasi kidogo." Kisha anatazama juu upesi kuomba radhi, maana alikuwa mzee wa kanisa.

Jina langu ni Waringa, ingawa pale hakuna aliyelitumia. Nilikuwa na kibanda cha chai na mandazi mlangoni mwa banda la wachongaji, upande wa Gikomba, na nyumbani tulipakana ukuta na Ndambuki na mkewe Ndindi. Mchana nilimsikia akijisifu bandani, jioni nikamsikia tena kupitia ukutani. Mtu akiniuliza nilimjuaje vizuri hivyo, namwambia sikupewa nafasi ya kutomjua.

Banda lilikuwa la chama cha Wakamba, mafundi kutoka pande za Machakos na Kitui. Walikaa chini, miguu wameinyosha, kipande cha mti kati ya nyayo, mkono wa kushoto umeshika mti na wa kulia umeshika tezo, kishoka kidogo cha kuchongea. Hakuna aliyefundishwa kwa mdomo. Ukija kujifunza unakalishwa mbele ya fundi, unapewa kipande cha mti, unaambiwa neno moja tu: "Angalia." Fundi akikaa hivi, nawe unakaa hivyo. Akigeuza mti, unageuza. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa maswali ni ya watu waliokwenda shule. Na hata mafundi wenyewe walinakiliana. Huyu anaweka kinyago mbele yake kama sampuli, anachonga kinachofanana nacho. Jirani yake anakichukua hicho kipya, naye anakifanya sampuli yake. Mwaka ukiisha, hakuna anayekumbuka sampuli ya kwanza ilikuwa ipi.

Wake zao walipiga msasa, kisha wakasugua vinyago kwa rangi nyeusi ya viatu ili mti wa kawaida uitwe mpingo. Mimi niliona na nikanyamaza. Hata chai yangu haikuwa maziwa matupu.

Sasa kuhusu mwili wa Ndambuki, kitu cha kwanza ulichokiona kilikuwa kidole. Zamani, akiwa bado kijana, tezo iliteleza ikamkata mshipa wa kidole gumba cha kushoto, na tangu siku hiyo kidole kile hakikukunjika tena. Kilisimama. Akishika kikombe changu, kidole kilisimama kando kama kinaomba lifti ya kwenda Machakos. Akiinua mkono kanisani kuombea sadaka, vidole vinne viliomba na cha tano kilikaa kando chenyewe. Nilimtania kwa hicho kidole miaka mingi, naye alinivumilia kwa sababu mandazi yangu yalikuwa makubwa.

Na watalii wakimwuliza kwa nini swala anatazama nyuma, Ndambuki hakukosa jibu. "Amesikia harufu ya simba," alisema, macho ameyatoa. Mutisya, mwenyekiti wa chama, alikuwa na jibu lake: kwamba hiyo ni ishara ya kale ya Wakamba, ya kuwakumbuka waliotangulia. Andati naye, ambaye si Mkamba, aliwaambia wageni wake kwamba swala anamtafuta mwanawe, na mama mmoja akalia ndani ya gari. Sisi binadamu tumepewa akili nyingi, na sehemu kubwa tunaitumia kutafuta sababu ya jambo lililokwisha kutokea.

Mambo yaliharibika ule mwaka wa unga wa manjano, themanini na nne, mvua zilipokataa na tukala mahindi ya kuletwa kwa meli huku tukinuniana. Mwezi wa kumi magazeti yalileta habari za mifupa iliyochimbuliwa kando ya ziwa kule Turkana. Kijana wa zamani sana, walisema, si nyani na si mtu kamili. Ndambuki aliposomewa habari hiyo alikasirika kama mtu aliyetukaniwa ukoo.

Bahati mbaya ilikuwa kwamba bintiye Syombua, mtoto wake wa pekee, alifundisha bayolojia katika shule ya sekondari, na shule zilipofungwa mwezi wa Desemba alikuja kukaa nyumbani. Jioni ya kwanza tu niliwasikia ukutani.

"Nau," alisema Syombua, na hivyo ndivyo Wakamba wanavyomwita baba, "hakuna mtu amesema nyanya yako alikuwa nyani. Wanasema viumbe hubadilika kidogo kidogo. Mtoto hafanani na mzazi kabisa. Yule ambaye badiliko lake limemfaa anaishi, anazaa wanaofanana naye. Yule ambaye halikumfaa anapotea. Ukingoja muda mrefu, unakuta kiumbe kingine."

"Na nani anabadilisha?"

"Hakuna mtu. Inatokea tu."

"Inatokea!" Nikasikia kiti kikisukumwa. "Ndindi, umesikia? Mtoto nimemsomesha na tezo, sasa anasema inatokea. Mimi nimekaa na magogo tangu nizaliwe. Sijaona hata moja likijichonga. Ukiona kinyago, jua kuna mchongaji. Ukiona swala yangu, jua kuna Ndambuki!"

"Kula kwanza," Ndindi akasema.

Lazima niseme ukweli: upande wangu wa ukuta nilikuwa natikisa kichwa nikikubaliana na mzee. Hoja ilikuwa na nguvu. Nilimwonea Syombua huruma, na shahada yake yote.

Lakini ndani ya kelele zile kulikuwa na kitu kingine, na Ndindi aliniambia tukifua nguo. Mikono ya Ndambuki ilikuwa imeanza kutetemeka. Tezo ilianza kumkosea. Kwetu Wakikuyu, na kwa Wakamba vilevile, jina la mzee hurudi kwa mjukuu. Njogu wangu ni jina la baba mkwe, na kila nikimchapa nilijihisi namkosea adabu. Ndambuki hakuwa na mjukuu. Syombua alipoulizwa habari za kuolewa alijibu kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Kwa hiyo mzee alilala macho akifikiri kwamba siku tezo itakapomwanguka mkononi, atakuwa amepita duniani kama mtu aliyepita njia, na hakuna kitu chochote kitakachosema kwamba palikuwa na Ndambuki. Isipokuwa swala.

Akapeleka ombi chamani. Alitaka banda likubali kwamba swala ni wake, kwamba yeye ndiye aliyemtunga, na kwamba kila fundi atakayemchonga aandike chini ya tumbo: NDAMBUKI. Hakutaka kitu kingine. Hata bei hakuitaja.

Aliyepinga kwanza alikuwa Mativo, na hilo lilimwuma zaidi, kwa sababu Mativo alikuwa mwanafunzi wake. Ni Ndambuki aliyemtoa kijijini, akamkalisha mbele yake, akamwambia "Angalia." Sasa Mativo alikuwa fundi mkubwa, baba wa watoto, aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya banda.

"Mzee, na heshima yote," Mativo alisema, "hii kitu ni ya wote. Kila mtu hapa anaichonga. Kama ni majina, basi tuandike ya kila mtu, na tumbo itajaa."

Watu wakacheka. Ndambuki hakucheka.

"Wewe nilikutoa huko ukiwa unachonga vijiko," alisema.

"Ni kweli, mzee. Na asante. Lakini swala si yako peke yako."

Mutisya mwenyekiti alikuwa mtu asiyependa ugomvi kabla ya kula. Akainua mikono. "Sikilizeni. Kila mtu akienda nyumbani atafute swala wa zamani. Wale wa kale kabisa. Tulete hapa Jumamosi baada ya kazi, tuwapange, tuone wa kwanza alitoka mkono wa nani. Kama ni wa Ndambuki, jina litaandikwa. Kama si wake, tutanyamaza."

"Leteni!" Ndambuki akasema. "Leteni hata leo!"

Hapo ndipo tulipogundua jambo la ajabu. Swala wazuri hawakuwepo. Wote walikuwa wamekwenda Ulaya. Waliobaki kwetu walikuwa vilema: aliyekatika pembe, aliyepasuka tumbo, aliyekosewa uso, yule ambaye hakuna mnunuzi aliyemtaka. Mimi nilikuwa na mmoja wa miguu mitatu aliyezuia mlango wa kibanda usifungwe na upepo, zawadi ya mchongaji mmoja ambaye alikuwa ameshafariki. Mzee Nabiswa wa Kaloleni, aliyestaafu kutoka reli, alikuwa na wake aliyeegemeza redio. Kanisani kulikuwa na mmoja dirishani, mwenye pembe moja, ambaye mchungaji alimheshimu sana. Mutisya akapekua stoo na kutoa wengine chini ya magunia, wamejaa vumbi na mayai ya mende. Na Ndindi alikuwa na mmoja jikoni asiye na pembe kabisa, aliyemtumia kuvunjia makaa.

Jumamosi ikafika. Mbao ndefu ziliwekwa juu ya madebe katikati ya banda, na jua la alasiri likaingia kupitia mabati yaliyotoboka. Ndambuki alikuja amevaa koti la kanisani. Nabiswa alikuja na swala wake amemfunga kwenye taulo kama mtoto. Syombua alikuja amembeba yule wa dirishani, akakaa nyuma kabisa kando ya birika langu.

Mutisya akasema watu watatu wachaguliwe wawapange. Ndambuki akakataa. "Hakuna anayejua swala kama mimi. Nitawapanga mwenyewe." Na hapo alisema kweli. Alikuwa akichukua kinyago, anakipapasa mara moja, na anajua kimetoka kwa nani kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe gizani.

Akaanza na wangu wa mlangoni. Huyo alisimama wima kwa miguu yake, au angesimama kama ingekuwa minne. Shingo fupi, pembe zimesimama juu, uso mbele. Swala wa kawaida, kama wale ambao Andati anawajua.

"Huyu ni wa marehemu Musembi," alisema Ndambuki. "Ndio walikuwa hivi wakati naingia bandani. Wote walisimama."

Akamchukua wa pili, wa Nabiswa. Miguu imekunjwa.

"Huyu pia ni wa Musembi." Akacheka kidogo. "Mnakumbuka masanduku ya kwenda Ulaya? Swala walikuwa wanafika Mombasa miguu yote imevunjika. Sasa Musembi, Mungu amrehemu, alipenda pombe ya muratina. Siku moja akapasua mti huku chini, akaona haya kuutupa, akamlaza swala. Tukamcheka sana. Lakini huyo alifika kule mzima, na barua ikaja wanataka wengine waliolala."

"Na waliosimama?" akauliza Nabiswa.

"Hao hawakuulizwa tena." Mkono wake ukasita kidogo hewani, kisha ukaendelea.

Wa tatu pembe zake zilikuwa zimeshikana na mgongo. Ndambuki akamgeuza, akamtazama Mutisya. "Mwenyekiti, huyu ni wako."

Mutisya akakohoa.

"Ulikuwa unakimbilia matanga Kitui. Hukumaliza kutoa mti katikati ya pembe na mgongo, ukasema utamalizia ukirudi. Uliporudi, alikuwa amekwenda na wenzake. Wale wenye pembe za kusimama zilikatika njiani. Za wako zilifika."

Banda likaangua kicheko, na Mutisya akacheka pia kwa uchungu, maana kwa miaka mingi alikuwa amewaambia watu kwamba mtindo wa pembe za kulala aliuota.

Ndambuki akaendelea, lakini sauti ilikuwa imeanza kupungua. Wale wa shingo ndefu akawaweka kwa zamu, ndefu kidogo, ndefu zaidi, ndefu zaidi tena. Hao hakuna aliyewataka wawe hivyo. Magogo manene yalikuwa yameadimika msituni, wakawa wanaletewa matawi membamba, na shingo ikakosa pa kwenda ila juu. Alieleza yote hayo yeye mwenyewe, hakuna aliyemwuliza. Jicho la fundi lilikuwa limeanza safari na mwenye jicho hakuweza kulirudisha. Nikamtazama Syombua. Nilidhani nitamkuta anatabasamu, mwalimu aliyeshinda mtihani wake. Mtoto wa watu alikuwa ameshika mdomo kwa mkono, na macho yake yalikuwa yanamwombea babake asiendelee.

Akafika kwa yule wa Ndindi, wa kuvunjia makaa. Kichwa kilikuwa kimegeuka kushoto, vibaya vibaya, kama mtu aliyelala na shingo ikakaza. Kabla yake katika mstari, wote walitazama mbele. Baada yake, wote walitazama nyuma.

Ndambuki akamshika kwa mikono miwili.

"Huyu ni wangu," alisema.

Mativo akavua miwani. "Basi, mzee. Kama huyo ndiye wa kwanza kugeuka, sema. Mimi nitakubali."

Na nataka mjue kwamba angeweza kusema. Musembi alikuwa kaburini, Mutisya hakupenda ugomvi, wengine walikuwa watoto wakati huo, na Ndindi hangemwaibisha mumewe mbele ya watu. Ilibaki sentensi moja tu, "Nimemtunga hapa," na jina lake lingeandikwa chini ya kila tumbo mpaka mihugu iishe duniani.

"Nilikuwa nimekatika kidole," alisema Ndambuki. "Kidonda kilikuwa kibichi. Sikuweza kushika kichwa kwa mbele, nikakichonga kwa upande, na kikaja kimegeuka. Nikajaribu kukirudisha, nikakata pembe zote mbili. Nikamwambia Ndindi amchome."

"Mti ulikuwa mzuri," akasema Ndindi polepole.

"Wengine walifuata wakatoka hivyo hivyo, kwa sababu kidole hakikupona. Nikaona aibu. Nikawaficha nyuma ya mlango wa stoo. Ajenti wa wanunuzi alikuja siku sipo, akawaona, akawachukua wote." Akamweka yule kilema mahali pake katika mstari. "Hii si kazi yangu. Hii ni ajali yangu."

"Na simba je?" Andati akaropoka.

"Simba alikuja baadaye," akasema Ndambuki.

Siku nyingine yoyote tungecheka mpaka mabati yainuke. Wahenga walisema kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Wangekuwa pale wangemwona mtu mzima amesimama mbele ya vinyago vyake, ametishika. Akatembeza vidole juu ya migongo yao, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho na kurudi.

"Nilidhani nitafika mahali niseme, hapa," alisema. "Hakuna hapa."

Kisha akamtafuta binti yake kwa macho, huko nyuma. "Sema basi, mwalimu. Naona ulimi unakuwasha."

Syombua akasimama kwa heshima. "Sina la kusema, Nau. Umeshasema wewe."

Ndambuki akavua kofia. "Mwenyekiti, nimeondoa ombi. Jina lisiandikwe."

Moyo uliniuma, nasema wazi. Miaka yote nilikuwa nikiomba Mungu amnyamazishe yule mzee kidogo, na siku aliponyamaza sikupata raha. Ukuta wetu ukawa kimya. Jioni zilipita bila Mungu, bila nyani, bila swala, ni vijiko tu. Alikuwa haendi bandani. Alisema ni mikono. Ndindi akaniambia halali vizuri na anaacha ugali wa manjano sahanini, jambo ambalo kwa kweli wengi wetu tulitamani kulifanya, lakini yeye hakuwa mtu wa kuacha chakula.

Nikavumilia mpaka nikachoka. Asubuhi moja nikamgongea mlango.

"Wewe Mzee Ndambuki, utakaa humo mpaka uote mizizi? Mandazi yangu yanalala bila mlaji kwa sababu ya nani? Toka twende."

"Mama Njogu, niache."

"Sikuachi. Vaa viatu."

Akavaa. Hakuna mwanamume wa Shauri Moyo aliyenishinda mimi kabla ya saa nne. Nikamkalisha kwenye benchi la kibanda, uso kuelekea bandani, nikamjazia kikombe. Tezo zilikuwa zikilia kama kawaida. Akakaa akitazama mvuke wa chai.

"Mungu yupo," alisema, kana kwamba nimembishia. "Hilo halijabadilika. Lakini naona banda lake ni kubwa kuliko nilivyofikiri, na kazi nyingi zinatokea nyuma ya mlango wa stoo."

"Umemwambia Syombua hivyo?"

"Aende akasahihishe mitihani yake." Akainua kikombe, na kidole kikasimama kando kuomba lifti. "Kinachoniuma si hicho. Kinachoniuma ni kwamba nitaondoka, na hapa ndani hakutakuwa na kitu changu."

Nikageuza uso nisimwone macho, nikatazama ndani ya banda. Na kwa kuwa sikutaka kutazama pengine, nikatazama vizuri.

Mativo alikuwa amekaa chini, miwani usoni, swala kati ya nyayo. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeushika mti kwa vidole vinne. Kidole gumba kilikuwa kimesimama juu, kimenyooka, hakigusi kitu. Mbele yake kulikuwa na fundi mwingine aliyejifunza kwake. Kidole gumba juu. Kando ya huyo, mwingine. Juu. Mstari mzima ule wa wachonga swala, wanaume wazima wenye afya yao, vidole gumba vyao vya kushoto vilikuwa vimesimama kana kwamba banda zima linaomba lifti ya kwenda Machakos. Nilikuwa nimewauzia watu hao chai miaka yote, na sikuwa nimeona.

"Mativo!" nikaita. "Kidole chako kina nini?"

"Kidole gani?"

"Hicho cha kushoto. Mbona umekisimamisha?"

Akakitazama kama anakutana nacho siku hiyo. "Ndio hushikwa hivi, mathe. Ukikiweka chini, mti unakosa nguvu. Hiyo ni siri ya kazi."

"Hapana," akasema yule wa mbele yake, bila kuinua kichwa. "Ni ndio tezo isikukate."

"Ni ndio ipate hewa," akasema wa tatu.

Nikamgeukia Ndambuki. Alikuwa ameweka kikombe chini. Alikitazama kidole chake, kisha akawatazama wao, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa mstari ambako kulikuwa na watu ambao hakuwafundisha yeye na labda hawakujua hata jina lake. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, na machozi yakamtoka, na hayakuwa ya kucheka yote.

"Wajinga hawa," alisema akijifuta kwa koti. "Miaka yote hii wanafanya kazi na vidole vinne."

"Basi waambie, mzee. Waambie wakishushe."

"Nitawaambia kesho."

Kesho yake alikuja mapema kabla sijawasha jiko, akakaa kwenye benchi lile lile. Na keshokutwa akaja, na wiki iliyofuata, na mwaka uliofuata, mpaka mikono ikamkatalia hata kikombe nikawa namshikia mimi. Alikuwa anakaa pale anawaangalia wakichonga. Hakuwaambia.